Siku Wanyama Waliposhuka na Moto

Simu ya mama mkwe ilinikuta dukani Tengeru, nikimwelekeza mteja namna ya kuchanganya dawa ya kuogeshea mbuzi. Mama mkwe si mtu wa kupiga simu ovyo. Akipiga, ama kuna msiba, ama ng'ombe anazaa. Siku hiyo hata hakunisalimia.

"Moto umetoka msituni," alisema. "Ng'ombe amegoma kutoka bandani."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mlio kama wa mvua kubwa juu ya bati. Nikamuuliza kama huko kwao mvua imeanza kunyesha. Simu ikakatika.

Moto huo ulikuwa mlimani kwa siku kadhaa. Kutoka kwetu Lemara tuliuona kama moshi mwembamba ubavuni mwa Meru, tukasema utazimika wenyewe kama ilivyokuwa miaka mingine. Ulikuwa juu sana, kwenye majani makavu, mbali na watu. Sasa upepo ulikuwa umegeuka na kuuteremsha kwenye misonobari, na nyumba ya mama mkwe ndiyo ya mwisho kabla ya kuingia msituni. Mume wangu alikuwa Dodoma kikazi. Nilifunga duka, nikachukua begi langu la kazi lenye bandeji na dawa za vidonda, kwa kuwa nilisomea mifugo, nikapanda bodaboda.

Dereva alinifikisha mahali ambapo barabara inaanza kupanda sana, akazima pikipiki.

"Dada, mimi naishia hapa. Nina watoto."

Sikumlaumu. Watu walikuwa wanashuka na magodoro vichwani, kuku wananing'inia miguu juu, mbuzi wanaburuzwa kwa kamba. Aliyekuwa anapanda ni mimi peke yangu. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba jua lilionekana jekundu na ungeweza kulitazama bila kufinya macho. Majivu yalinidondokea mabegani.

Nikakutana na jirani yake mama mkwe, amebeba godoro.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Kwa mama."

"Mama amekataa kushuka. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Nikampita, nikazidi kupanda. Nikamsikia anaguna, kisha akalitupa godoro lake mtaroni na kunifuata.

Tulimkuta mama mkwe bandani, kilemba kimelegea, anavuta kamba kwa nguvu zake zote huku akimsemesha ng'ombe Kimeru. Ng'ombe, mwenye mimba kubwa, alikuwa amejibana kwenye kona ya nyuma, macho yamemtoka, anatetemeka ngozi nzima. Ng'ombe wengi ndivyo walivyo. Wakiogopa hukimbilia wanapopajua, hata kama hapo ndipo watakapofia. Nyuma ya banda, ng'ambo ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, ndipo nilipoona moto. Ulikuwa unapanda mti mmoja wa msonobari kuanzia chini hadi kileleni kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha unaruka kwa mwenzake. Cheche zilitua kwenye lundo la samadi, likaanza kutoa moshi.

"Mama, tumwache. Tuondoke."

"Hawezi kuachwa aungue kama kuni. Kama unaogopa, nenda."

"Naogopa, Mama."

"Hata mimi naogopa. Shika kamba."

Nikashika kamba. Kisha nikakumbuka kitu ambacho woga ulikuwa umenisahaulisha. Nikamwomba khanga yake, nikaichovya kwenye ndoo ya maji ya kunywesha, nikamfunga ng'ombe macho. Alirusha kichwa, nusura anikandamize ukutani, pembe ikapita karibu na sikio langu. Kisha akatulia ghafla, akishusha pumzi ndefu za moto. Mama mkwe alipomgusa shingoni na kumwita, akanyanyua mguu, akamfuata gizani.

Jirani alikuwa amelala kifudifudi chini ya ghala la mahindi, anajaribu kutoa watoto wa mbwa wa mama mkwe. Mama yao alinguruma na kukataa. Nikajiingiza mimi, akaning'ata kiganja. Nilimchanja mwenyewe, kwa hiyo kichaa cha mbwa hakikunitia wasiwasi, lakini maumivu yalinitoa machozi. Tuliwatia watoto kwenye tenga, naye alipoona tenga linaondoka, akatoka na kulifuata akiwa amekunja mkia.

Tulipita migombani kwa sababu njia kubwa ilikuwa imejaa moshi. Mbele nilikwenda mimi na tenga, nyuma mama mkwe na ng'ombe, jirani mwishoni na panga. Hapo ndipo tuliposikia migomba ikivunjika.

"Msikimbie," jirani alinong'ona. "Simameni."

Nyati alitokea upande wa juu. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yameungua, moshi ukimtoka, na harufu yake ilitufikia kabla yake. Mbwa, ambaye hubweka hata akiona kivuli, alikaa chini kimya. Ng'ombe alinusa, akatoa sauti nzito kifuani. Mama mkwe alinikamata mkono, kucha zikaingia ndani ya nyama. Nilitaka kuomba, lakini sikupata maneno, hata ya sala ninayoisema kila siku tangu utotoni.

Nyati alipita karibu kiasi cha kunirushia udongo. Nyuma yake walikuja pongo wawili, kisha digidigi, wote wanakwenda upande mmoja bila kuogopana. Hakuna hata mmoja aliyetutazama. Hilo ndilo lililonitisha kuliko pembe za nyati. Wanyama ambao maisha yao yote wanamkimbia binadamu walikuwa wanatupita kama mawe. Walichokiona huko nyuma kilitufanya sisi tusiwe kitu.

Tulifika uwanja wa shule tukiwa hai. Jioni upepo ulitulia, na wanaume waliokuwa wanafyeka na kupiga moto kwa matawi mabichi wakafanikiwa kuusimamisha pembeni mwa shamba la mahindi. Nyumba ilipona. Banda liliungua lote kwa cheche zilizotua kwenye samadi.

Asubuhi yake nilitibu mifugo uwanjani. Wengi walikuwa na kwato na viwele vilivyoungua kwa kukanyaga na kulalia makaa. Askari wa wanyamapori alikuja kuniomba nipande naye tukaweke mabeseni ya maji pembezoni mwa msitu, kwa ajili ya walionusurika. Nilikubali kwa mdomo. Miguu haikutaka.

Kule juu hapakuwa na ndege hata mmoja. Tulimkuta mbega amekaa chini kwenye majivu, mnyama ambaye kwa kawaida humwoni ila mitini. Manyoya yake meupe yalikuwa ya kijivu. Mikono ameigeuza viganja juu, kama mtu anayeombewa kanisani, na viganja vyote vilikuwa vimechubuka hadi nyama nyekundu. Kifuani kulikuwa na mtoto.

"Daktari, ana meno makali," askari alisema. "Mimi nitamfunika blanketi. Wewe usiweke vidole karibu na mdomo."

"Afande, mimi ni wa ng'ombe na mbuzi. Huyu sijawahi kumshika."

"Hapa hakuna mwingine."

Alimfunika. Nilimmwagia maji viganjani polepole, nikafunga bandeji. Vidole vyake vilikuwa na mikunjo na kucha kama za mtu. Hakuning'ata. Aligonganisha meno tu, na moyo wake ulidunda chini ya blanketi kwa kasi ambayo niliijua.

Askari aliwapeleka mbega na mtoto wake kituoni kwao. Baada ya siku chache alinipigia kuniambia mbega mama amekufa, mapafu yamejaa moshi. Mtoto anakunywa maziwa kwa chupa na anang'ang'ania shati la mtu yeyote anayepita.

Nilipomsimulia mama mkwe, alikuwa anasimamia mafundi wanaochimbia nguzo za banda jipya, palepale pa zamani.

"Mama, njoo ukae nasi Lemara. Angalau mpaka mvua zianze."

"Na ng'ombe utamweka sebuleni?" Alicheka, na mafundi nao wakacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Nilitembea hadi ukingo wa shamba, mahali moto uliposimamishwa. Kisiki kimoja kilikuwa bado kinafuka, na nilipokanyaga karibu nacho, joto lilipenya soli ya kiatu. Mizizi ilikuwa inaungua chini kwa chini, na hapakuwa na alama yoyote juu ya udongo ya kuonyesha inaelekea wapi. Nikarudi nikachukua ndoo, nikamwaga maji, nikachota tena, nikamwaga, mpaka mama mkwe akaniita chai mara ya pili.