Utumbo wa Khanga

Khanga ile nilimwomba mama siku ya Krismasi, akaninyima. Alisema ni ya kwendea kanisani. Lakini mwenzangu wa chuoni alipomwomba kitambaa chochote kikuukuu cha kutengenezea utumbo wa kufundishia, mama aliingia ndani akatoka nayo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hadi leo nikiikumbuka mikono ile, roho inaniuma.

Nilikuwa nimefeli anatomia, mwaka wa kwanza wa kusomea utabibu. Kama ningefeli na mtihani wa marudio, ningerudia mwaka mzima. Mwenzangu huyo, tuliyelala naye chumba kimoja, aliongoza darasa. Alitoka Kibingo, kwa wazazi waliohamia kutoka Burundi, wakaishi kwa vibarua vya kupalilia migomba ya watu. Sisi Ihanda tulikuwa na migomba yetu na kahawa yetu, na baba alikuwa mzee wa kanisa. Nilidhani hayo yangesaidia kitu. Mama alimpigia simu aje anifundishe likizoni, wala hakuniuliza.

Alipofika alipiga goti. "Shikamoo mama." Mama akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo cha wageni wa heshima. Siku ya pili walikuwa jikoni wakimenya ndizi pamoja na kucheka. Mimi nikimenya, mama husema namaliza ndizi yenyewe nabakiza maganda.

Jioni hiyo mwenzangu aliishona khanga ikawa bomba refu, akaijaza majani makavu ya mgomba, akaipanga mkekani uani: tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana ukizunguka. Kipande cha kibuyu kilichovunjika kikawa nyonga, na kipande cha khanga kilichobaki kikawa kibofu. Neva zilikuwa kamba za mgomba, nyeupe kutoka juu, nyeusi kutoka chini.

"Hii nyeupe inatoka kwenye ubongo," alisema, "inapita shingoni na kifuani, inahudumia tumbo, utumbo mwembamba, na utumbo mpana mpaka hapa, unapokaribia kukata kona upande wa kushoto. Hapa inaishia. Kuanzia hapa hadi njia ya haja kubwa, kazi ni ya hizi nyeusi, zinazotoka mwisho wa uti wa mgongo na kupita ndani ya nyonga."

Mama alikuwa ameacha kuchambua maharage. "Mwanangu, umejaliwa," alisema. Hakuwa akiniambia mimi. Somo lililobaki sikulisikia, maana nilikuwa namtazama mama anavyomtazama.

Asubuhi alitakiwa kumwonyesha baba. Alipokwenda kuoga, niliifungua kamba nyeupe nikaishusha mpaka mwisho wa utumbo, na zile nyeusi nikazikusanya zote kwenye kibofu. Nilitaka ababaike mbele ya baba, basi. Lakini baba aliitwa msibani Bweranyange hata kabla ya chai, na bodaboda ya kumrudisha mgeni ikafika.

"Nikuachie daftari langu?" aliniuliza.

"Ninalo langu," nikamjibu. Langu lilikuwa na kurasa nyingi nyeupe.

Nilisomea utumbo ule siku nne. Nilijua nimeihamisha kamba, ila mwanzo ilifungwa wapi? Kila nilipovuta kumbukumbu niliuona uso wa mama tu. Nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, mwisho nikajiridhisha kwamba nilishairudisha mahali pake.

Ulikuwa mtihani wa mdomo. Mwalimu aliniuliza: mtu akiumia mwisho kabisa wa uti wa mgongo, choo chake kitakuwaje? Nikasema choo kikubwa hakitakuwa na shida, kwa sababu utumbo wote unaendeshwa na neva inayotoka kichwani. Alirudia swali kwa upole. Nami nikarudia jibu kwa kujiamini, na mengine yote aliyouliza juu ya nyonga nikayajenga juu ya jibu hilo.

Majina ya wanaorudia mwaka yalipobandikwa, langu lilikuwemo. Mwenzangu alikuja kukaa kitandani kwangu, akaniuliza nilijibu nini. Nikamweleza.

"Basi ni mimi," alisema. "Nilifunga zile kamba kiza kinaingia, nikakosea, na wewe ukasomea hapohapo. Nimekupotezea mwaka. Nisamehe, dada."

Alikuwa analia kwelikweli. Nikamshika bega, nikamwambia nimemsamehe.