Katoni ya Nane

Juzi nilienda ofisi ya vifurushi mjini Machakos kumtumia binti yangu vitabu. Kabla ya kufunga katoni, nikatoa leso nikaanza kuipangusa upande wa chini. Kijana wa kaunta akacheka. "Mathe, hiyo ni katoni, si meza." Nikacheka naye, lakini moyo ulikuwa umesharudi Wamunyu, kwenye uwanja wa babu yangu mchongaji, nikiwa darasa la sita.

Kama ulikulia huko, unaijua sauti ya tezo: ko, ko, ko, tangu chai ya asubuhi hadi muthokoi wa jioni upakuliwe. Babu alichonga twiga wa mjakaranda. Mimi niliwapaka madoa kwa polishi nyeusi ya viatu, na kucha zangu hazikutakata wiki nzima. Chama cha wachongaji kilipopata oda ya ng'ambo, kila mtu alifungasha kazi yake nyumbani. Babu alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuruke. Kwanza aliipangusa katoni, maana vumbi la mbao lilikuwa kila mahali, hata kwenye chai. Kisha mkanda mmoja wa selotepu kwenye mshono wa chini, upite ukingo kwa upana wa kiganja, na mingine miwili ya kuziba ncha. Mwisho aliisugua yote kwa mgongo wa kijiko. "Selotepu haitaki vumbi, haitaki mafuta," alituambia kila mara.

Mwaka huo mikono yake ilianza kutetemeka. Alituficha, lakini tuliona kikombe kikicheza. Mwenyekiti wa chama alikuwa ameshamwambia kwa adabu kwamba labda apumzike. Oda hii ndiyo ingeonyesha kwamba bado anaiweza kazi.

Aliziba chini katoni saba, akaingia ndani kunyoosha mgongo. Ya nane nikaiziba mimi, ili tumalize upesi niende kuruka kamba. Sikuipangusa. Sikunawa polishi. Mkanda mmoja tu, basi, nikaisimamisha na zile nyingine. Babu alipotoka hakuzihesabu. Alidhani amemaliza zote, akazijaza twiga na kuzifunga juu.

Kesho yake pikapu ilikuja. Katoni ya nane ilipoinuliwa, chini ikafunguka, twiga wakamwagika kwenye mawe, shingo huku, miguu kule.

"Mzee, hii ulifunga namna gani?" mwenyekiti akauliza.

Babu akaitazama mikono yake. "Ni mimi. Hii mikono imekataa kazi."

Ule mkanda ulikuwa umeanguka karibu na mguu wangu, una alama nyeusi za vidole vidogo. Nikauokota, nikaukunjakunja, nikautia mfukoni. Niliogopa kuchapwa. Sina sababu kubwa zaidi ya kukupa.

Hakuchonga tena. Nyanya alimsihi ajaribu hata kijiko cha mbao, naye akajibu, "Nitaharibia watu kazi." Jioni nyingi niliketi karibu naye nikitafuta pa kuanzia, nikaishia kumwuliza habari za ng'ombe. Tulimzika nikiwa kidato cha tatu.

Uwanja ule sasa umepandwa mbaazi, na asubuhi pako kimya mno. Pale kaunta, kijana alininyooshea selotepu. Nikamwomba kwanza maji ya kunawa, akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Ningemweleza nini? Babu alikufa akiamini kwamba ni mikono yake iliyomwangusha. Ilikuwa yangu.