Usiku Niliosema Nimekwenda Njia Panda

Ipo siku moja ya Julai ninayoikumbuka kila manyunyu yanapogusa bati, mwanangu, na tangu juzi uliponung'unika kwamba binti yako anarudi mazoezini saa tatu usiku na wewe umechoka kumfuata barabarani, haijanitoka. Kaa hapa karibu na moto. Mimi na moto hatujawahi kuachana, hilo unalijua.

Nilikuwa kijana wa kidato cha nne kwa darasa, mzee wa miaka themanini kwa tabia. Irente, hapa hapa Lushoto, ambako wageni hupanda ndege kuja kulitazama bonde, nimefika mara mbili, na mara zote nikauliza tunarudi saa ngapi. Shangazi yako Zaina, mdogo wangu, hakuwa hivyo. Alicheza netiboli, na aliijua hasa. Mara mbili kwa wiki walifanya mazoezi Lushoto mjini, jioni, wasichana wakishatoka kwenye bustani za mboga. Kurudi huku Mlola alipanda gari lililopeleka kabichi sokoni. Lilipomshusha njia panda, giza lilikuwa limeshaingia zamani.

Bibi yako alimruhusu kwa sharti moja: mimi niwepo njia panda na tochi. "Siku nikisikia anazurura usiku," alisema, "mpira umekwisha nyumbani kwangu." Zaina alikubali mbio. Mimi nilikubali kama mtu aliyeitwa kuchimba kaburi.

Siku hiyo ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Mama alikuwa kwa jirani, kumwangalia mzazi aliyejifungua juzi yake. Nikajiambia gari la kabichi huchelewa, acha nipashe miguu kidogo. Nikapasha, nikasinzia. Nilipozinduka, Mama alikuwa amesimama mbele yangu.

"Zaina yuko wapi?"

Hapo ningesema tu kwamba nimelala. Ningegombezwa, basi. Lakini mdomo ukatangulia: "Nimekwenda, Mama. Nimesubiri sana. Gari limepita, hakuwemo."

Baada ya muda Zaina akaingia, kalowa, raba mkononi, anatetemeka. Alikuwa amenisubiri pale mpaka akakata tamaa, akapanda mlima peke yake gizani.

"Shikamoo, Mama."

Mama hakuitikia. Kwetu, ukinyimwa marahaba, ujue umeshahukumiwa.

"Umeshukia wapi?"

"Njia panda, kama siku zote. Kaka hakuwepo."

"Kaka yako alikuwepo. Gari limepita bila wewe. Ulikuwa na nani?"

Zaina akanitazama. Alinitazama muda wa kutosha kabisa kusema neno moja. Mimi nikachochea kuni.

Mama akazichukua zile raba, akazitupia darini. Jumamosi iliyofuata walichaguliwa wasichana wa timu ya wilaya. Zaina alikuwa shambani anapalilia karoti.

Ukweli nilikuja kumwambia Mama baada ya miaka miwili, naye ameshaanza kuumwa. Akasema tu, "Mpe raba zake." Nilizishusha, zimejaa masizi. Hazikumwingia tena.

Sasa Zaina yuko Mponde, anachuma chai. Akija hapa hunitania, "Kaka, moto umekupa ruhusa ya kutoka?" Tunacheka wote. Yeye ndiye huacha kucheka kwanza.

Mwanangu, sitakudanganya kwamba kusimama barabarani kwenye baridi ni raha. Mimi mwenyewe nasikia mafua nikifikiria tu. Lakini kaa na mkeo mpange zamu, na chakula cha usiku kisogezwe mpaka mtoto afike, ale na wenzake, si peke yake kwenye sahani iliyofunikwa. Siku ukishindwa kwenda, sema mapema atafutwe mwingine. Na kama umelala, sema umelala. Usimwache mtoto abebe uvivu wako na jina baya juu yake.

Alhamisi niachie mimi. Tochi nimeshaichaji.

Mwenyezi Mungu akupe miguu isiyoogopa baridi, na ulimi mwepesi wa kukiri. Na binti yako, kila akishushwa gizani, akute mtu wa kwao amesimama. Amina.