Mikono ya Shangazi Juu ya Kitenge

Jambo hili likitajwa mbele yangu mpaka leo natafuta kisingizio cha kutoka nje, lakini nyinyi ni wenzangu, acha niseme. Ilikuwa Idi, nyumbani Rumonge, tumeshiba pilau, wajomba wakataka niwaeleze ninachosoma chuo kikuu Bujumbura (wa kwanza katika ukoo kufika huko, na kichwa kilikuwa kimenivimba), na badala ya kujibu kwa neno moja nikaamua kuonyesha kwa mfano.

Nikamwomba Shangazi Zaina, muuza maandazi, awe seli ya damu. Nikamfunika kitenge kikubwa, mikono tu ikatokeza: hivi ni vipokezi, nikasema, vinakaa juu ya seli kupokea wito wa kwenda kwenye kidonda, na virusi vya SIDA, yaani UKIMWI, navyo vinashika hapo hapo ili viingie. Binti yake Mwajuma nikamwingiza chini ya kitenge awe protini ya ndani, ile inayokamata kipokezi kwa mkia na kukivuta, virusi vikija vikose pa kushika. Virusi akawa binamu yangu Saidi, nami kwa ujanja wangu nikampaka mawese viganjani ili alama ionekane. Mwajuma akachelewa kuvuta. Saidi akamshika Shangazi mikono yote miwili, ikawa myekundu, nyumba nzima ikacheka, na aliyecheka zaidi ni mimi.

Shangazi hakucheka. Alijifunua, akaiangalia mikono yake.

"Mimi iko nakunywa dawa ya hiyo SIDA tangu muzee, baba ya Mwajuma, alikufa," akasema. "Mwajuma peke yake ndiye alikuwa anajua."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kueleza mbiombio kwamba anayekunywa dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye vipimo hawezi kumwambukiza mwenzake, wala maandazi hayaambukizi, nikazidi kuharibu, maana maandazi hakuna aliyekuwa ameyataja.

"Nyamaza, mutoto yangu," akasema. "Huyo wa kuvuta mikono ndani, dawa yake iko?"

Nikamwambia bado inatafutwa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa.

Nimeapa sitamfanya tena mtu wa nyumbani kuwa mfano wa somo langu, lakini kiapo kimechelewa. Kesho yake, habari ikiwa imeshafika sokoni, nilikaa naye hapo mpaka adhuhuri, nikila andazi baada ya andazi ili watu waone, na wateja wake wa kila siku wakatusalimu vizuri, wakapita, na beseni likapungua kwa mkono wangu tu.