Bata wa Mama Mdogo Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Makala ya kwanza niliyoiweka kwenye blogu yangu ilianza na salamu za aya nzima. Niliwasalimu wazee, akina mama, vijana, walio ugenini na walio wagonjwa, nikasema sisi wa mji wa Baraka, Kongo, hatujambo isipokuwa ziwa, kisha nikaomba ruhusa ya kueleza. Ndivyo nilivyolelewa. Mtu haingii nyumbani kwa watu na kuanza kudai. Anasalimu, anauliza habari za kila aliyemo, anaketi, ndipo anatoa neno lililomleta. Binamu yangu wa Uvira, ambaye amekuwa akiandika habari za mpira mtandaoni kwa miaka, aliisoma akanipigia simu huku akicheka.

"Kaka, iko nini hii? Batu banasoma mistari mbili, banaenda. We bado unauliza kama balilala muzuri!"

Ni yeye aliyenionyesha lile jukwaa. Watu hubandika pale habari walizozipata popote, na kando ya kila habari kuna mishale miwili, mmoja wa kwenda juu na mwingine wa kwenda chini. Habari ikipigiwa wa juu na watu wengi katika saa yake ya kwanza, inafika ukurasa wa mbele, na wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi na watu wetu waliotawanyika ng'ambo wanaiona. Isipopigiwa, inazama na hakuna anayejua kama iliwahi kuwepo. Binamu alinipa masharti yake na mimi nikayaandika kwenye daftari la mwalimu, maana mimi ni mwalimu wa historia: kichwa kimkamate msomaji shingoni, picha iwe moja na iwe kubwa, maneno yawe machache, weka asubuhi watu wakiwa njiani kwenda kazini, na usijinadi mwenyewe kila siku, sifia kwanza vya wenzako.

"Na salamu?" nikamuuliza.

"Kata."

Sikuwa natafuta sifa. Nilikuwa na mama mdogo. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, kwa ndagala, dagaa wa kwetu, alizozianika mchangani na kuziuza hadi Mboko na Nundu, na nyumba yake ilikuwa kwenye avenyu, yaani mtaa, ya chini kabisa, ile inayofuatwa na ziwa. Misimu kadhaa maji yalikuwa yakipanda bila kurudi. Yalikula kwanza mchanga wa kuanikia samaki, kisha choo cha jirani, kisha mgomba wa mwisho. Shefu, mkuu wa avenyu, alipita nyumba kwa nyumba akisema watu wahame mapema, na kanisa likagawa viwanja vidogo upande wa juu, karibu na barabara ya kwenda Fizi.

Kwetu mtu akihama anahama na nyumba yake. Anashusha mabati, anang'oa mlango na fremu za madirisha, halafu anabomoa kuta taratibu na kubeba matofali. Ni matofali mabichi, ya udongo uliokaushwa juani, na yakiwa makavu unaweza kuyajenga tena mahali pengine. Yakilowa yanarudi kuwa matope. Kwa hiyo anayehama mapema anahama na nyumba, na anayechelewa anahama na sufuria. Kila mtu anajua hivyo, hata watoto wa darasa la kwanza.

Majirani walianza kubomoa. Mama mdogo naye alikuwa tayari, amekwisha kufunga vyombo kwenye kitenge, niliponyanyua mdomo wangu huku nikila sombe yake, kisamvu cha kwetu.

"Mama, ngoja kwanza," nikamwambia. "Miye niko naandika juu ya hii maji. Habari ikipanda kule juu, batu ba misaada batasoma. Bataleta mawe, batajenga ukuta. Pengine hautahama."

Alinitazama kama mtu anayepokea dawa kutoka kwa daktari.

"Banakuya lini?"

"Haitakawia."

Akafungua kitenge, akarudisha vyombo mahali pake. Sentensi ile ni yangu, sikusingiziwa na mtu.

Makala ile yenye salamu, nilipoibandika jukwaani vilevile ilivyo, ilipata kura tatu, moja ikiwa ya binamu. Mtu mmoja akaandika chini yake, "Kiswahili cha wapi hiki?" Mwingine akajibu kwamba ni cha Kongo, wakacheka wawili, wakaenda zao. Siku hiyohiyo, juu kabisa ya ukurasa wa mbele kulikuwa na orodha ya mambo saba ambayo mume wako hatakuambia. Niliisoma yote saba. Nilikuwa nimeketi saiba, kwenye duka la intaneti, tangu saa nane mchana, mega zangu zikiyeyuka, nikiufungua na kuufunga ule ukurasa kama mtu anayechungulia chungu ambacho hakijawekwa motoni. Nilipandwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Maji yalikuwa hatua kumi kutoka jikoni kwa mama mdogo, na watu walikuwa wakisoma siri za waume.

Nikaandika upya. Nilikata salamu. Nilikata habari za marehemu baba mdogo, aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake. Nilikata majina ya samaki. Niliweka kichwa kifupi, picha ya ukuta na ziwa nyuma yake, nikawa nimepitia na kusifia habari za watu wengine wiki nzima, mpaka mapishi ya biriani nikayasifia mimi ambaye sijawahi kuionja. Kisha, kwa kuogopa ile saa ya kwanza, nilifanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na mtu wa kwetu tu. Nilikwenda kuomba msaada wa kwaya.

Kwetu ukiwa na msiba, kwaya inakuja. Ukiwa na harusi, inakuja. Ukilima, ukijenga, ukiuguza, inakuja. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza, akauliza kama mishale inahitaji sauti, nikasema inahitaji vidole tu, akafurahi sana.

"Kidole moja haivunji chawa," akawaambia waimbaji. "Siku ya posho, kisha répétition, bote ku saiba."

Jumamosi ile, baada ya mazoezi ya nyimbo, walikuja karibu thelathini, na akina mama wawili Waislamu wa avenyu ya mama mdogo waliosikia kuna jambo lake wakaja pia. Simu zilikuwa tisa. Tuliwafungulia akaunti mmoja mmoja kwa mtandao wa saiba, na mwalimu wa kwaya akasimama mbele kama ibadani, mkono juu. "Soprano!" Wakabonyeza. "Alto!" Simu zikapokezanwa, wakabonyeza. Teno, kisha besi, na mzee mmoja wa besi aliyebonyeza mshale wa chini kwa makosa akakemewa mpaka akarekebisha. Makala ikapanda. Niliiona kwa macho yangu ikipita habari moja, ya pili, ya tano. Tukapiga vigelegele, na mwenye saiba akatoka nje kuuliza kama kuna mtu ameshinda uchaguzi.

Kabla hawajafika majumbani mwao, makala ilikuwa imefutwa. Nilipata ujumbe: akaunti nyingi mpya, mahali pamoja, dakika chache, habari moja, huo ni udanganyifu, na akaunti yako imefungwa.

Udanganyifu! Neno hilo lilinichoma mpaka leo linanichoma. Hakuna aliyedanganya pale. Kila mmoja wao alikuwa mtu kweli, mwenye kidole chake, na kila mmoja alitaka nyumba ile isimame. Niliwaandikia wasimamizi barua ndefu nikieleza kwaya ni nini. Siku tisa baadaye mmoja wao alinijibu kwa adabu kwamba wananifungulia akaunti kwa onyo, ila makala haitarudishwa, kwa sababu watu waliopangwa kupiga kura si wasomaji. Nililisoma jibu lile tena na tena. Ubaya wake ni kwamba kwa upande wake alikuwa na haki. Soprano hawakuisoma. Walikuja kwa ajili yangu.

Muda huo wote mama mdogo alikuwa akingoja. Nilimpitia kila nikitoka shule, na kila mara swali lilikuwa moja.

"Banakuya lini?"

"Bado, mama. Kulikuwa shida ndogo."

Aliinua kitanda juu ya matofali mawili, kisha matatu. Jirani wa mwisho alipita na mlango wake kichwani, akamwomba ahame, naye akamjibu kwa fahari kwamba mtoto wake anazungumza na watu wa nje. Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Ningeweza kusema, "Mama, bomoa leo, tutakusaidia." Lakini niliona aibu, na nilikuwa na makala nyingine kichwani, iliyo bora zaidi.

Mvua zilipoanza, ziwa liliingia asubuhi moja bila kelele. Nilifika nikakuta maji yamefika magotini jikoni na mama mdogo ameketi kitandani, miguu juu, akishikilia redio. Katikati ya jikoni kulikuwa na baseni ya plastiki ikielea, na ndani ya baseni bata wake dume ameketi, ametulia, anatutazama kama shefu anayengoja kodi. Kwa hasira tu nikapiga picha. Kwa hasira hiyohiyo nikaibandika kwenye jukwaa, maneno machache juu yake: "Huyu ndiye mwenye nyumba sasa." Sikuandika mahali. Sikusalimu mtu.

Saa sita mchana ilikuwa ya kwanza kwenye ukurasa wa mbele. Ya kwanza kabisa, juu ya siasa, juu ya mpira. Watu waliuliza bata anaitwa nani. Mmoja alimchorea taji. Mwingine alisema amecheka mbele ya bosi wake. Wakaanza kubishana kama ni bata wa kawaida au bata mzinga, ubishi uliochukua kurasa mbili. Niliandika chini yao kwamba ile ni nyumba ya mama yangu, nikaweka kiungo cha makala kamili. Wakanipigia mshale wa chini mpaka maneno yangu yakafifia, na mmoja akanionya niache kujitangaza kwenye furaha ya wenzangu.

Nilimsomea mama mdogo baadhi yake, nikiwa nimesimama ndani ya maji.

"Banasema nini?"

"Banapenda bata."

Alicheka, kicheko cha kweli, akamtazama bata. Kisha akauliza, "Na nyumba?"

Nilimwambia kwamba hakuna anayekuja, kwamba hakukuwa na mtu yeyote aliyekuwa anakuja tangu mwanzo, na kwamba nilipaswa kumwacha abomoe siku ile ya sombe. Nililia palepale, mwalimu mzima. Hakunikaripia. Alisema tu, "Basi ita kwaya."

Wakaja wote, soprano na besi, na wale mama wawili, na hakuna aliyewaambia ni wadanganyifu. Walishusha mabati, wakang'oa mlango. Fremu za madirisha zilikuwa zimevimba, tukazivunja. Matofali hayakufaa. Ukilishika moja, vidole vinazama. Ukuta wa chumbani ulianguka wenyewe tukiutazama, ule ambao baba mdogo alikuwa ameupiga lipu kwa mkono na kuacha alama ya kiganja karibu na dirisha. Mama mdogo aligeuka akatazama upande wa mlima mpaka tulipomaliza. Mchana alimchinja bata, maana watu waliobeba mizigo lazima wale, na tukala na bukari, ugali wetu, kandokando ya barabara.

Sasa anaishi kwenye kiwanja cha juu, chini ya bashi, yaani turubai, na mabati yale. Majirani zake wa zamani wamemzunguka, kila mmoja ndani ya kuta zake za zamani. Yeye peke yake hana ukuta, na kila ninapopanda kwenda kwake ninapita milango ninayoijua kabla sijafika kwenye pazia lake la turubai. Tunafyatua matofali mapya, ila jua la msimu huu halitoshi. Kwenye jukwaa bado kuna wanaouliza bata anaendeleaje.

Wiki iliyopita aliniuliza tena, kwa utulivu, akiwa anageuza ndagala kwenye wavu. Si kwa lawama. Alitaka kuelewa, kama mtu anayetafuta ni wapi alidondosha sindano.

"Papa, ile barua uliandika mara ya pili, ile ya kwaya. Ulibasalimia kwanza?"

"Hapana, mama. Balisema nikate."

"Hata kuuliza kama beko bazima?"

"Hata."

Aliokota ndagala mmoja aliyevunjika, akamrushia paka.

"Njo maana habakukuya," akasema, akaendelea kugeuza samaki wake.