Neno Alilolisema Kalondu Barazani

Watu wa Zombe, mji mdogo mashariki ya Kitui, walimpa Kalondu jina kabla hajamaliza kushusha mizigo yake. Mama Nyoka. Akina mama walilitamka wakigeukia kando, na vijana wa bodaboda wakampigia kelele nalo akipita sokoni. Alikuwa mtafiti wa nyoka, mzaliwa wa Kasikeu kule Makueni, mwanamke mrefu, mwenye sauti kavu na subira haba. Mtu akikuta nyoka nyumbani kwake, alimpigia Kalondu simu. Naye alifika na koleo refu na ndoo yenye kifuniko, akamshika nyoka, akampima, kisha akaenda kumwachilia porini, mbali na maboma.

Hapo ndipo chuki ilipoanzia. Nani humshika nyoka mkononi kisha asimuue?

“Mbona humuui?” mzee mmoja alimuuliza.

“Ukimuua, panya watamaliza ndengu zako.”

Aliona inatosha. Kwa mzee haikutosha, na jioni hiyo sokoni ikasemwa kwamba mwanamke wa Kasikeu anafuga nyoka porini kama watu wanavyofuga mbuzi.

Aliishi katika nyumba ya kupanga pamoja na mtafiti mwenzake, Fartun, kutoka Garissa. Fartun hakugusa nyoka. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na watu walioumwa: walipelekwa wapi kwanza, kwa nini walichelewa kufika hospitali, nani alikatwa mguu na sasa anaishi vipi. Yeye alichukiwa kwa sababu nyingine. Msimu uliotangulia, wafugaji wa ngamia waliingiza mifugo mashambani upande wa mashariki, watu wakapigana hadi wakauana. Tangu hapo kila mwenye hijabu alidhaniwa kuwa mpelelezi wa malisho. Kuna boma alilofikia mlangoni tu, akaambiwa arudi kwao akawahoji ngamia.

Jioni, wakimenya viazi, wawili hao walikuwa na mazungumzo yao.

“Mama amenitafutia mwanamume mwingine,” Fartun alisema. “Ana duka la vipuri vya magari. Swali lake la kwanza, eti huu utafiti utaisha lini.”

“Ukamjibuje?”

“Nikamuuliza hilo duka litafungwa lini.”

Wakacheka. Kalondu alikuwa ameolewa. Mumewe, Mwau, alikuwa mwalimu wa sekondari kule Kikima, na alikaa na binti yao mdogo.

“Mwau hajawahi kuniambia niache kazi,” Kalondu alisema. “Ni mama yake hataki nimshike mtoto nikitoka huku. Ni mama yake anasema nanuka nyoka. Kila kitu ni mama yake. Yeye hana lake.”

“Na yule msichana wa leo?” Fartun aliuliza.

Asubuhi walikuwa wamezungumza na wasichana wa shule moja ya sekondari kuhusu masomo ya sayansi. Msichana mmoja alisimama akauliza: mtu akisoma mpaka mahali mlipofika, bado anapata bwana? Walimu wakacheka. Kalondu akamwambia apite mtihani wa kemia kwanza kabla ya kuleta upuuzi.

“Halikuwa upuuzi,” Fartun alisema. “Mtoto ameuliza anachokiona kila siku. Ulimvunja mbele ya wenzake.”

“Nimechoka kuulizwa hilo.”

“Yeye alikuwa anauliza mara ya kwanza.”

Mtu mmoja tu wa Zombe alikuwa akija kukaa nao bila kuitwa. Aliitwa Wavinya, jirani yao, mke wa Mutunga, mnunuzi wa mbuzi. Wavinya aliacha shule akiwa darasa la saba, na alipenda kuwasikiliza wakibishana. Alimuuliza Kalondu kama nyoka husikia, kama hulala, kama jike hupenda watoto wake. Siku moja alisimama mlangoni akatazama nyoka akipimwa mkia mpaka kichwa, hakukimbia. “Kumbe ni mtu tu,” alisema, na Kalondu akacheka mpaka nyoka akakaribia kumponyoka.

Wavinya aliumwa akivuna ndengu. Alikanyaga bafe, yule nyoka mnene wa rangi ya mchanga ambaye hakimbii ukimkaribia, hubaki pale alipolala. Akaumwa juu kidogo ya kisigino. Habari ziliwafikia watafiti wakiwa nyumbani. Wakaingia kwenye gari na kwenda moja kwa moja hadi kwa Mutunga.

Walimkuta Wavinya kwenye mkeka. Mama mkwe wake alikuwa amemfunga kamba chini ya goti na kumbandika lile jiwe jeusi ambalo watu huamini kwamba hunyonya sumu. Mguu ulikuwa umeanza kuvimba. Mchungaji wa kanisa alikuwa amekwisha kuitwa.

“Fungueni hiyo kamba,” Fartun alisema. “Gari liko hapa. Twende Kitui sasa hivi, dawa iko.”

Mutunga akasimama kati yao na mkeka. “Gari linalobeba nyoka ndilo libebe mke wangu?”

“Ndio waliomtuma huyo nyoka,” mama yake alisema. “Mbona hajauma mtu wa nyumba yao?”

“Mutunga,” Wavinya alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyekosa kuisikia. “Nipeleke.”

Mutunga akamtazama mama yake.

“Jiwe bado limeshika,” mama alisema. “Likimaliza sumu litaanguka lenyewe. Hakuna haja ya kumtembeza.”

Kalondu akajaribu kupita. Mutunga akamsukuma kwa mikono miwili, akaanguka. Watu walikuwa wamekusanyika nje ya ua, na walipoona Mutunga ameanza, wakaendeleza wao. Kioo cha nyuma cha gari kilivunjwa kwa jiwe. Watafiti wakaondoka, wakampigia simu naibu wa chifu, wakampigia tena. Alikuja asubuhi iliyofuata. Wakati huo mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye nyonga na ngozi imegeuka nyeusi, na Wavinya alikuwa akitoka damu kwenye ufizi. Ndipo Mutunga akakubali. Wavinya alikufa njiani, kabla ya kufika Kitui.

Baada ya maziko, naibu wa chifu aliitisha baraza katika ukumbi wa kanisa. Alisema ni la kutuliza watu. Ukumbi ulijaa, na wengine wakasimama madirishani. Mchungaji akasema kuna elimu inayotoka kwa Mungu na kuna elimu nyingine, na mwanamke anayeacha mume na mtoto nyumbani ili akacheze na nyoka, kila mtu anajua ni nani aliyecheza naye kwanza kule bustanini. Watu wakaitikia. Mzee mwingine akataka Msomali aondoke kwanza, mambo ya nyoka yazungumzwe baadaye.

Fartun alisimama akazungumza kwa utulivu. Alisema amepoteza rafiki. Alisema dawa ipo na haibagui kabila. Akazomewa, lakini aliendelea mpaka mwisho, kisha akaketi.

Ndipo Mutunga akasimama, akamnyooshea Kalondu kidole. “Niambie mbele ya watu hawa. Kwa nini mmemuua mke wangu?”

Fartun alimshika Kalondu mkono. Kalondu akauondoa.

“Aliyemuuma ni nyoka,” alisema. “Aliyemuua ni wewe. Alikuomba umpeleke, nilisikia, wewe pia ulisikia. Ukamtazama mama yako.”

Viti vya plastiki vikaanza kuruka. Kimoja kilimpata Fartun kwenye paji la uso. Askari waliokuja na naibu wa chifu waliwatoa kwa mlango wa nyuma, wakawasindikiza hadi barabara kuu. Mizigo yao ilibaki Zombe.

Ndani ya gari Fartun alijikandamizia kitambaa kwenye paji, damu ikimchuruzika hadi kidevuni.

“Ulichosema ni kweli,” alisema. “Lakini ulikisema ili kumuumiza.”

“Ndiyo.”

“Basi leo usijiite mwanasayansi.”



Mtu alikuwa amerekodi lile baraza. Video ikazunguka kwenye simu mpaka Kikima, na Kalondu alipofika nyumbani kwake alimkuta Mwau amekaa nje akimngoja.

“Najua, mama yako amekasirika,” Kalondu alisema.

“Si mama. Mara hii ni mimi,” Mwau alisema. “Yule mtu alikuwa amezika mke wake. Sitaki ukae hapa kwa sasa. Mtoto utamwona, sitakuzuia.”

Kalondu alikwenda kwa mama yake Kasikeu. Alimwambia Fartun kwa simu kwamba ndiyo mara ya kwanza mumewe kuwa na lake la kusema, na kwamba ilimuuma kukuta halina kosa.

Fartun ndiye aliyerudi. Msimu mwingine wa ndengu ulipofika, alikuwa Zombe tena, na alama ya kovu juu ya nyusi. Hakupokewa vizuri. Alihoji watu nje ya milango yao, akisimama juani. Akafanya kazi pia hospitalini Kitui, akiwafuata wagonjwa wanaoletwa na jamaa zao. Kalondu alipata kazi ya kufundisha Makueni. Aliomba ruhusa ya kurudi Zombe, akajibiwa kwamba usalama wake hauwezi kuhakikishwa.

Siku moja alikuwa Kitui, amekuja kupitia matokeo ya utafiti pamoja na Fartun. Alipokuwa akipita kwenye veranda ya wodi, alimkuta Mutunga. Alikuwa amekonda. Wote wawili wakasimama.

“Mama ameumwa,” Mutunga alisema. “Bafe. Nimemleta kwa pikipiki, saa hiyo hiyo. Hata kilemba sikumngoja afunge.”

“Wanasema nini?”

“Atapona. Mguu pia. Usifikiri nakushukuru.”

“Sijafikiri.”

“Njia nzima nilikuwa nasikia sauti yako. Kila siku naisikia. Nikilala iko, nikiamka iko. Wewe ulipata usingizi?”

Kalondu alitaka kumwambia pole, neno ambalo hakuwahi kumwambia.

“Wavinya alikuwa rafiki yangu,” alisema badala yake.

“Alikuwa mke wangu.”

Mutunga akaingia wodini. Kwenye kitanda cha karibu na mlango, mama yake alimwona Kalondu, akageuza uso ukutani.

Fartun alikuwa akimngoja katika chumba kidogo mwisho wa veranda. “Amekwambia nini?”

“Ananichukia.”

“Ana haki.”

“Lakini amemleta mapema, Fartun. Amemleta mapema.”

“Usijipe sifa,” Fartun alisema, akimsogezea kiti. “Wavinya ndiye aliyesema ‘nipeleke’.”