Mashimo Manane kwenye Mgongo wa Kayaki

Shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema, kwa sababu waliomaliza madarasa yote ndio wanaoniletea matangi yao niwazibie. Karakana yangu ipo Nguvumali, nimeijenga mwenyewe tofali kwa tofali, na ukiuliza fundi wa plastiki mjini Tanga utaonyeshwa kwangu hata na mtu aliyenikasirikia. Matangi ya maji, beseni za mama lishe, bampa za magari, vyote vimepita mikononi mwangu. Nayatanguliza haya ili ijulikane kwamba kosa ninalotaka kulieleza halikufanywa na mjinga. Nimelifanya mimi.

Baba wa mke wangu ni mvuvi wa Kigombe. Mwaka juzi alipata kiharusi. Mguu ulirudi, mdomo nao ulirudi, tena ulirudi na maneno mengi kuliko uliyoondoka nayo, lakini mkono wa kushoto ulikataa. Unanyanyuka, unasukuma, ila vidole havifungi. Na mshipi wa kuvulia unataka mikono miwili, mmoja uvute na mwingine ushike kilichovutwa. Basi mzee akawa mtu wa kukaa barazani akiwatia kasoro samaki wa watu wengine: huyu mdogo, huyu kalala tangu jana, huyu kajileta mwenyewe, hakuvuliwa.

Mwanawe wa kiume ni mmoja tu, ndiye shemeji yangu. Anakaa mjini, ana ofisi, ana shahada mbili, na akifika ufukweni huvua viatu vyake akavibeba mkononi kama watoto mapacha. Huyo ndiye aliyeamua kwamba Jumamosi baba ahamie kwake. Chumba kimeshapakwa rangi, televisheni imeshafungwa ukutani. Mzee alijibu kwamba nyumba ile ina vigae mpaka vyumbani, na yeye vigae amezoea kuvikuta chooni.

Mke wangu alilia siku mbili. Mimi si mtu wa kukaa na machozi ya mtu pasipo kufanya kitu, kwa hiyo tulipokusanyika kula nikamuuliza shemeji: je, baba akienda baharini peke yake akarudi na samaki, bado atahamishwa? Shemeji akacheka mpaka akaweka tonge chini. Akasema mbele ya watu wote kwamba siku hiyo ikifika hatafungua tena mdomo kuhusu habari ya kuhama. Nikamwambia itafika kabla ya Jumamosi.

Nilikuwa na hila yangu. Juu ya paa la karakana nilikuwa na mtumbwi wa plastiki wa kuvulia, ule wanaouita kayaki, niliouchukua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anafunga nyumba yake ya wageni upande wa Tongoni. Sikujua kuuendesha. Niliuchukua kwa sababu ulikuwa wa rangi ya chungwa na jirani yangu hana. Ndani yake nilikuta fimbo mbili za kuvulia zenye mashine za kuviringishia uzi, na vishikio viwili vya kusimamishia fimbo ambavyo mwenyewe hakuwahi kuvifunga. Hapo ndipo lilipokuwa jibu. Kishikio kikishika fimbo, mzee hahitaji vidole vya kushoto. Ataviringisha kwa mkono wa kulia. Kasia fupi atalikumbatia kwapani kwa mkono mbovu, alisukume kwa mzima. Alijaribu barazani kwa ufagio na ikawezekana.

Jumatano nikaipeleka kayaki Kigombe kwenye gari la kukodi. Mgongo wa kayaki uko wazi, mtu hukaa juu yake, na ndani mna uvungu uliozibwa pande zote, ndio unaoifanya ielee. Kwa hiyo ukitoboa mgongo umetoboa pumzi yake. Kila kishikio kina matundu manne, vishikio viwili, mashimo manane. Shemeji alikuja kutazama, viatu mkononi, simu mkono wa pili, akanifungulia video ya mzungu anayefunga vishikio hivyohivyo. Akanisomea: tumia bolti zisizoshika kutu, weka raba, weka kipande kigumu kwa ndani ili kishike nati, jaribu kwanza kabla ya kuingia majini. Kila neno lilikuwa sahihi. Halafu akazima simu na kusema, "Shemeji, kazi hii inataka mtaalamu."

Kwa neno hilo nilimaliza kazi kwa nusu saa. Nikapiga drili mashimo manane, nikakamulia silikoni ya kuzibia madirisha, nikafunga kwa riveti, nikapiga kofi mgongo wa kayaki kama mtu anayeuza ng'ombe. Sasa, mimi silikoni naijua. Haishiki kwenye plastiki ya aina ile. Ni sawa na kubandika stempu juu ya kipande cha siagi. Nusu ya wateja wangu ni watu waliopaka silikoni kwenye matangi yao wakaja kwangu na aibu, na mimi huwacheka mbele yao. Lakini siku ile nilikuwa sizibi mashimo. Nilikuwa naziba mdomo wa shemeji.

Mzee akavaa koti la kuelea, akapanda, akasukuma mpaka mawimbi madogo yanapovunjika, yakawa yanaupanda mgongo wa kayaki. Aliporudi tukainua mkia wa kayaki na sote tukasikia maji yakicheza ndani kama ya dafu kubwa.

Ufukwe wa Kigombe hauna upungufu wa wataalamu. Mmoja alisema kayaki imetengenezwa nchi za baridi haijazoea maji ya moto. Wa pili akauliza kama niliitia ubani kabla ya kuitoboa. Ndipo mzee akatoa hukumu: "Chombo kipya lazima kinywe. Kiacheni kinywe, kikishiba kitaziba."

Watu wote wakaitikia, na kwa chombo cha mbao ni kweli tupu. Mashua mpya, au iliyokaa juani miezi, huvuja kila kiungo hata kama imezibwa vizuri kwa pamba ya kalafati. Unaizamisha siku mbili tatu, mbao zinavimba, nyufa zinabanana. Pwani yote inafanya hivyo. Lakini mimi, fundi wa plastiki, nilisimama pale nikatikisa kichwa kukubali, na hata nikaongeza kwamba siku mbili zitatosha. Nilijiambia ni adabu, mkwe habishiwi mbele ya watu. Adabu inasaidia sana mtu aliyeharibu kazi.

Basi tukaifunga kwenye kigingi na kuijaza magunia matatu ya mchanga mpaka mgongo ukalingana na maji, ili mashimo nayo yapate kunywa. Shemeji alipiga picha. Alhamisi alasiri niliporudi ilibaki pua tu juu ya maji, ya rangi ya chungwa, na wanawake wanaotafuta pweza walikuwa wameizunguka wakibishana imekufa kwa nini.

Tukaivuta nje, watu sita. Mzee akawaambia wengine waende zao. Akakaa juu ya gunia la mchanga.

"Wewe ndiye fundi wa plastiki," akasema. "Plastiki inavimba?"

"Haivimbi, baba."

"Na jana ulilijua hilo?"

Nikasema nililijua.

"Mimi nilisema nisilolijua. Plastiki niliyowahi kuishika ni ndoo. Wewe umenyamazia unalolijua." Akauinua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaulaza mapajani. "Keshokutwa nakwenda kulala kwenye vigae kwa sababu ya adabu yako, mkwe wangu."

Nimetukanwa na polisi, na wateja, na mama mwenye nyumba enzi nilipokuwa napanga chumba kimoja. Hakuna aliyenifikia pale mzee aliponifikia bila hata kupandisha sauti.

Ijumaa nilifika na vifaa vyangu vyote. Nikakata riveti, nikaing'oa silikoni kwa kucha, ilitoka yote kama ganda la yai la kuchemsha. Nikafungua mfuniko ulio nyuma ya kiti nikaingiza mkono mpaka bega. Kutoka kwenye tangi kuukuu nilikuwa nimekata vipande viwili vya plastiki nene, nikaviweka kwa ndani chini ya mashimo. Juu, kati ya kishikio na mgongo, nikaweka raba ya tairi la ndani la lori niliyoikata kwa kufuata umbo la kishikio. Bolti nane zisizoshika kutu, nati zenye plastiki ndani ili zisilegee. Nikakaza kidogo kidogo kwa kupokezana, pembe hii kisha inayoikabili, mpaka raba ikatoa ulimi mwembamba pande zote. Yote yalikuwa kwenye video ya shemeji. Lakini sikumpigia simu kumwambia.

Namna ya kujaribu, hata hivyo, ilikuwa yangu. Tangi halijaribiwi kwa kulitumbukiza majini na kuomba dua. Linajazwa maji, kisha unatazama nje. Nikaomba chaki madrasa, nikachora duara kuzunguka kila bolti. Watu walikuwa wanatoka kuswali Ijumaa, wakanisaidia kujaza uvungu kwa ndoo. Nikakaza mfuniko, tukaipindua kayaki mgongo chini juu ya magogo mawili. Chaki ikipata tone inabadilika rangi, huwezi kuificha. Kabla hatujaanza kusubiri niliwaambia wote kwamba kilichovuja Jumatano ni mkono wangu, na chombo hakikuwa na kiu. Aliyenishauri ubani akasema yeye alikuwa anajua tangu mwanzo.

Tulingoja tangu baada ya swala mpaka adhana ya alasiri. Mzee alikaa pembeni hakusema neno, jambo ambalo Kigombe halijaonekana tangu kiharusi. Adhana ilipotoka nikalala chali chini ya kayaki nikazihesabu duara moja moja. Nane, zote nyeupe.

Tukamwaga maji, tukaupangusa uvungu, na Jumamosi maji yakijaa mzee akatoka, kabla shemeji hajafika. Masharti tuliyaweka: koti la kuelea, asivuke mwamba, abaki tunapomwona. Gari la shemeji lilifika na godoro jipya limefungwa juu. Akauliza baba yuko wapi, nikamwonyesha kitone cha rangi ya chungwa. Akasema mengi, na sehemu yake yalikuwa ya haki, kwamba mtu wa kiharusi hapelekwi baharini kwa sababu ya ubishi wa mashemeji. Nilikuwa nahesabu kila wimbi lililopanda ule mgongo.

Baada ya muda mrefu kayaki ikageuka kuja nchi kavu. Mzee alikuwa na kolekole mmoja na changu wawili miguuni, na fimbo zote mbili zimesimama nyuma yake. Shemeji akaingia majini na suruali yake, viatu akanipa mimi nivishike. Hakuwatazama samaki. Alifungua mfuniko, akaingiza mkono uvunguni mpaka kwapani akipapasa kila kona, akautoa, akautazama. Ulikuwa mkavu.

"Baba," akasema polepole, "gari linasubiri."

"Naliona," mzee akasema. Akamtupia kolekole mikononi, akanigeukia mimi. "Ngisi wa chambo wameniishia. Niletee wengine nirudi, maji hayajaanza kupwa."